Sitaki Mji Wako

Sogea karibu, wewe uliyeshika kikombe, nikutegee kimoja kabla hatujaingia ndani. Nikimkosa hurudi, nikimpata huniaga. Ni nani huyo? Usikimbilie kujibu. Wala usinipe mji mapema, maana nitauchukua niutawale, na jibu nitakupa ukiwa umeshajuta. Kiweke shavuni kama pipi, twende nacho Tabora, miaka ile jua lilipokuwa kali hata mpira wa miguu ukahamia ndani ya nyumba.

Viwanja vilikuwepo bado, ila mchana hakukuwa na mwenye akili timamu aliyekanyaga nyasi. Watu walikwenda kwenye karakana ya zamani ya reli, yenye kuta nene na mapangaboi makubwa. Pale mabehewa yalipokuwa yakitengenezwa palisimama magoli, moja baada ya jingine, yana milingoti ya kweli na nyavu za kweli. Mpira ndio haukuwepo. Mpira ulikuwa wa mwanga, na mpigaji wake wa mwanga vilevile.

Kwenye goli la mwisho, karibu na ukuta, alisimama Kalunde.

Kalunde alikuwa mshonaji wa sare za shule, mama mwenye magoti mabovu na mikono mizuri. Alivaa glavu, akakaza mkanda kiunoni. Mkanda ndio ulioiambia mashine mwili umeegemea wapi. Ukiegemea kwa nguvu, ilikuhesabia umeruka, basi hata mwenye magoti ya Kalunde aliweza kuruka. Glavu ndizo zilizokuwa na ukweli. Mpira wa mwanga ukizigonga, zilirudisha kishindo mpaka kiganja kikawaka moto.

Mwanga ukajikusanya mbele yake, ukawa msichana mwenye jezi ya kijani, soksi moja imepanda, nyingine imeshuka kwenye kifundo. Alikuwa Nyamizi, mdogo wake Kalunde, vilevile alivyokuwa mwaka aliopanda meli ya usingizi kwenda nyotani.

"Dada," Nyamizi akasema, mikono kiunoni, "mji umeuandaa?"

"Piga mpira, acha maneno."

"Ngazi imelala toka mji hadi mji, na hakuna aliyewahi kuipanda." Akaanza kukimbia.

"Reli," Kalunde akajibu, na mpira akaudaka kifuani.

Hivyo ndivyo walivyocheza tangu utotoni, uani kwao Isevya, kwa mpira wa matambara. Mpigaji anatega, kisha anapiga. Akili ya kipa ikikimbilia jibu, miguu yake inachelewa. Kipa akifungwa na jibu hana, anatoa mji, mpigaji anautawala, ndipo anapewa jibu. Nyamizi alikuwa ametawala Nzega, Urambo, Sikonge na Ujiji kabla hajaota meno ya ukubwani. Baba yao alikuwa akirudi jioni anamsalimia, "Shikamoo, bibi mkubwa wa nchi," na Nyamizi anaitikia marahaba bila haya.

Siku hiyo Kalunde alidaka shuti la pili, la tatu, na la nne. Pembeni, Luhende msimamizi wa ukumbi akaacha kufuta milingoti akaja kutazama. Luhende alikuwa refa zamani, na filimbi haikumtoka shingoni, japo mashine haikuhitaji filimbi ya mtu.

Nyamizi akauweka mpira wa tano. Huu aliuweka polepole siku zote.

"Nikimkosa hurudi," akasema, "nikimpata huniaga."

Kalunde aliuona mguu wake wa kushoto ukitua. Alijua mpira unakwenda wapi kama anavyojua sindano inatokea wapi kwenye kitambaa. Akasubiri, akaegemea upande wa pili. Mpira ukatikisa nyavu.

"Ah, dada Kalunde," Luhende akasema. "Manne kama simba, la tano kama mgeni wa harusi. Hapo katikati huwa unapatwa na nini?"

"Uzee, bwana Luhende. Subiri zamu yako."

Luhende akamtazama kidogo, akarudi kwenye milingoti yake.

*

Zamani Kalunde alikuwa kipa wa aibu. Alikuja pale kumwona mdogo wake, basi alimtazama usoni, na mpira ulipita unavyotaka wenyewe. Alikuwa akiruka kabla mpira haujapigwa. Luhende ndiye aliyemwonea huruma akamfundisha.

"Unamtazama usoni," alimwambia. "Uso ndio unaodanganya. Tazama mguu unaobaki chini. Kidole gumba kinakoelekea, mpira unakwenda huko. Na kabla hajapiga usiwe mtu, uwe mlingoti."

"Mlingoti hauna macho."

"Ndiyo maana haudanganywi."

Kalunde akajifunza. Alijifunza kutulia mpaka goti la mpigaji limekunjuka. Alijifunza kwamba mpira wa juu hutangulia kwa bega kulegea, na mpira wa chini kwa pumzi kukatika. Akishona mchana, miguu yake ilikuwa kwenye pedali na moyo uko golini. Akawa kipa mzuri, kuliko vijana waliokuja na viatu vya bei. Lakini angalia alichokilipia: kadiri alivyoweza kumdaka Nyamizi, ndivyo alivyozidi kuacha kumtazama. Sura aliyoifuata akawa haioni tena ila kwa pembe ya jicho. Alikuwa anautazama mguu.

Na kulikuwa na kanuni ya mchezo. Kipa akidaka mashuti yote matano ya mpigaji, taa nyekundu iliandika juu ya goli: AMESOMEKA. Mpigaji aliyesomeka aliondolewa, nafasi yake akapewa mwingine, maana hakuna anayerudi kwenye mchezo ambao jibu lake linajulikana mtaa mzima. Kumnakili mtu ukamweka pembeni hakukuruhusiwa. Sheria hiyo ilitungwa baada ya watu kuanza kuwafungia wazee wao kabatini na kuwawasha siku za sikukuu.

Basi Kalunde alikuwa akidaka manne. La tano alikuwa anaachia.

Nani angemlaumu? Nyamizi hakufa. Alikuwa amelala ndani ya meli, anakwenda kwenye nyota nyingine kuchomelea mabomba ya mji ambao haujajengwa. Ataamka siku moja bado kijana, na kila aliyemjua kwa jina atakuwa udongo. Haikupangwa iwe hivyo. Ilipangwa meli ya pili iwafuate, iwabebe watoto na walezi wao, na Kalunde alikuwa ameshashona mfuko wa kumbebea Wande, binti wa Nyamizi, aliyekuwa hajaanza hata kutambaa. Meli ya pili haikujengwa. Mtoto akachukuliwa na watu wa baba yake, Mpanda. Mfuko uliendelea kuning'inia nyuma ya mlango.

Asubuhi ya kuondoka, Nyamizi alisimama mlangoni na begi lake, akamtegea dada yake kile cha mwisho. Alikuwa ameshakizoea: kabla ya hapo, wapimaji wa mashine walipokuja mazoezini kumnakili, alikuwa anakitega kwenye kila penalti ya tano, nao wakakichukua pamoja na soksi yake na mbio zake, kwa kuwa kwake maneno yalikuwa sehemu ya penalti.

Kalunde alikisia homa. Alikisia mwezi, njaa, usingizi. Akachoka. "Haya, nakupa mji. Chukua Tabora nzima."

"Sitaki mji wako, dada," Nyamizi alimjibu. "Kaa nacho. Utanijibu tukikutana huko."

*

Wande alikuja bila kutoa taarifa, msimu wa maembe ulipokuwa umekwisha. Kalunde aliinua uso kutoka kwenye cherehani akaona mtu anaingia uani kwa mwendo wa Nyamizi, bega la kulia limetangulia, na mkasi ukamponyoka.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Ingia, usisimame juani."

Wande alikuwa fundi wa maji huko Mpanda, mwanamke mzima mwenye kucha fupi na kicheko cha ghafla. Alileta mchele na karanga. Akala, akaosha vyombo bila kuambiwa, kisha akasema lililomleta.

"Picha zake ninazo. Baba alinipa. Sauti ndiyo sina. Nimesikia hapa kwenu anaongea."

"Anaongea?" Kalunde akacheka. "Utamwomba anyamaze."

Wakaenda karakana. Kalunde akavaa glavu huku akijisikia kama mwenye shughuli. Nyamizi akatokea. Wande, aliyekaa kwenye benchi la Luhende, akaweka mkono mdomoni.

Nyamizi akauweka mpira, akapiga. Hakusema neno. Mpira ulikuja mlegevu, Kalunde akaudaka kwa mkono mmoja. Wa pili vilevile, wa tatu, wa nne. Kwenye wa tano msichana wa jezi ya kijani alipiga hatua chache tu, kama mtu anayekwenda dukani, akausukuma kona ya kulia. Kalunde, kwa mazoea, alikuwa ameshaegemea kushoto.

Mapangaboi yalizunguka.

"Ndiye huyu?" Wande akauliza. Hakusema kwa ubaya. "Baba aliniambia mama alikuwa akishika mpira, kipa anaanza kuona haya kabla hajapiga."

Kalunde alivua glavu taratibu. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipotegewa. Alikuwa ameona vitendawili vinafupika, kisha vinakatwa katikati, na alijiambia kwamba Nyamizi amechoka, kana kwamba mwanga huchoka. Akajiona mjinga.

"Bwana Luhende. Amepatwa na nini huyu?"

Luhende alichezea filimbi yake. "Mpigaji hujifunza kwa kipa wake, dada. Kinachomsaidia anakishika, kisichomsaidia anakiacha. Vile vitendawili vilikuwa vya kumchanganya kipa. Sasa kipa aliyekwishaamua kufungwa, achanganywe ya nini? Na mbio ndefu za nini? Umemfundisha kwamba kona ya kulia iko wazi kila siku."

"Kumbe ulikuwa unajua."

"Nimekaa na makipa maisha yangu yote. Anayefungwa kwa bahati mbaya huinamisha kichwa. Wewe ulikuwa unatabasamu."

*

Nyumbani Wande alichambua mchele, Kalunde akakaa na mfuko mapajani. Ule wa kumbebea mtoto. Aliushusha bila kujua kwa nini.

"Nikianza kumdaka kweli," Kalunde akasema, "atalazimika kuamka. Maneno yatarudi. Lakini siku nikimdaka matano, wanamwondoa."

"Na ukiendelea kumwachia?"

"Atakuwepo."

"Nani atakuwepo?" Wande akaweka ungo chini. "Mama mkubwa, sisemi kwa kukulaumu. Wewe una wa kumkumbuka. Hata akikaa pale anasukuma mpira kama mtu anayefunga duka, kichwani mwako anakimbia, anatukana, soksi imeshuka. Mimi sina. Mimi nikimwona hivi, kwangu ndivyo alivyokuwa."

Kalunde alipitisha kidole kwenye mshono wa mfuko. Ulikuwa mshono mzuri, wa mkono, wa mtu aliyetarajia safari.

"Nilidhani namtunza," akasema.

Wande akaokota kokoto moja kwenye mchele, akaitupa nje ya mlango. "Hicho cha mwisho. Hukuwahi kukipata?"

"Nimekisia kila kilichopo chini ya jua."

"Ungempa mji akakwambia."

"Nilimpa Tabora nzima. Alikataa."

"Mtu aliyetawala mpaka Ujiji akatae Tabora?" Wande akacheka kile kicheko chake, kisha akaacha. "Kwa nini alikataa?"

Kalunde akaukunja mfuko. Hakuwahi kujiuliza hivyo. Miaka yote alikitafuta kile kitu kinachorudi na kuaga. Hakumfikiria mtu aliyekataa mji. Maji yalichemka, wali ukapikwa, na swali likabaki limekaa nao jikoni kama mtu wa tatu.

*

Kazi ya kumrudisha Nyamizi haikuwa nyepesi. Siku za mwanzo alipiga mipira yake milegevu kulia, Kalunde akaidaka, na lile la tano likamponyoka kwa bahati tu. Mashine ilikuwa ngumu kusahau mazoea. Lakini kona ya kulia ilipofungwa, mpigaji akaanza kutafuta kwingine. Siku moja alirudi nyuma hatua zaidi. Siku nyingine bega lilicheza. Kisha, akiwa ameinamia mpira, akasema, "Dada."

Wande aliinuka kwenye benchi.

"Kaa chini," Kalunde akamwambia bila kugeuka, "utamtisha."

Basi yakarudi yote. "Askari wangu wana kofia nyekundu, wakigusa ukuta vichwa vinaungua." Wande akapaza sauti kutoka benchini, "Kiberiti!" na Luhende akamwonyesha kadi ya njano ya kufikirika kwa kumsaidia kipa. "Amekula mchana kutwa, jioni tumbo halina kitu." Hapo Wande alikosa, Kalunde alikosa, mpira ukaingia, na ikabidi Kalunde atoe Kaliua. "Cherehani, fundi mzima!" Nyamizi akasema, na Wande akacheka mpaka akashika ubavu. Alicheka na mama yake. Hakuwahi kufanya hivyo.

Nyamizi alimfunga dada yake kwa haki mara nyingi siku zile, na Kalunde alishangaa kufungwa kwa haki kulivyo kutamu. Kulikuwa kama kukemewa na mtu unayempenda. Alikuwa anainamisha kichwa sasa, na Luhende alikiona hicho pia.

Likizo ya Wande ikakaribia mwisho. Mchana wa mwisho alikuja ukumbini na begi lake, aende stesheni moja kwa moja.

"Mama mkubwa," akasema, akimfunga mkanda kiunoni, "ukiona bora umwachie, mwachie. Mimi nimeshamsikia."

"Nitacheza tu, mwanangu."

Nyamizi akatokea, soksi moja juu, moja chini. La kwanza lilikuwa la juu; bega lilimsaliti. La pili la chini, kwa hasira, kiganja kikawaka. La tatu Kalunde alilipangua kwa ncha za vidole, likagonga mlingoti likatoka, na Luhende akasahau akapuliza filimbi. La nne alilidaka kifuani, akalikumbatia kidogo kabla ya kulirudisha.

Nyamizi akauweka wa tano, polepole.

Kalunde alisimama. Kushoto kulikuwa wazi, kulia kulikuwa wazi, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Angeweza kuegemea popote, na kesho msichana huyu angekuja tena na mikono kiunoni. Na keshokutwa. Na siku moja tena angeanza kunyamaza.

"Nikimkosa hurudi," Nyamizi akasema, "nikimpata huniaga."

Akakimbia, mbio zote, bega la kulia limetangulia. Kalunde akawa mlingoti. Mguu wa kushoto ukatua, kidole gumba kikatazama kule juu, kona ya mbali, mahali Nyamizi hajawahi kupiga hata siku moja. Mwili wa Kalunde ukaenda wenyewe, magoti na yote. Glavu zikapiga kelele. Na mpira ukatulia mikononi mwake.

Taa ilikuwa bado haijawaka. Msichana hakuondoka. Alikuwa na swali lililo wazi, na mashine ilimjua kuwa hageuki mpaka ajibiwe. Alisimama pale penye alama ya penalti, anahema mwanga.

"Haya, dada," akasema. "Mji au jibu?"

Kalunde akainua macho kutoka kwenye ule mguu. Akamtazama usoni, alivyokuwa hajamtazama tangu ajue kudaka. Kulikuwa na kakovu kadogo kwenye nyusi alikokasahau. Kulikuwa na macho ya mtu aliyesimama mlangoni na begi, akakataa Tabora nzima, kwa sababu ukishapokea mji unatoa jibu, na ukishatoa jibu huna tena cha kurudia. Nyuma yake alimsikia Wande akishusha begi sakafuni.

Alikuwa nalo mdomoni miaka yote hiyo, tangu neno la kwanza. Kila alipokosa kulitaja, mdogo wake alirudi kumuuliza.

"Kitendawili," Kalunde akamjibu. "Ni kitendawili, mdogo wangu."